INJINI ILALE USIKU MMOJA KABLA YA FUNDI KUTIA SAHIHI



Miezi ya Juni na Julai hapa Lanet ni ya baridi, na kila mwaka miezi hiyo huleta ugomvi ule ule. Lori au trekta imefunguliwa injini yote, imetiwa ringi mpya, beringi mpya na hedi gaskit mpya. Saa kumi jioni imewashwa, inanguruma vizuri, tajiri amefurahi, fundi ametia sahihi kwenye kadi ya kazi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi dereva anazungusha stata mpaka betri inakufa. Hapo maneno huanza. Tajiri asema fundi ameharibu kazi. Fundi asema dereva hajui kuwasha. Dereva asema mafuta ni mabaya. Mwisho wa mwezi mmoja wao hukuta mshahara wake umekatwa, na si tajiri.

Maoni yangu ni kwamba fundi asitie sahihi injini ya dizeli iliyofungwa upya mpaka ilale usiku mmoja na kuwashwa asubuhi ikiwa baridi. Wako wenzetu wanaosema huko ni kumchelewesha tajiri bure. Nawaomba wasome kwanza.

Dizeli haina cheche. Tangu Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake kule Ujerumani mwaka 1897, mafuta haya huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Sisi tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa tunayoishindilia ni kama sehemu nne katika tano za ile ya Mombasa, na alfajiri chuma chenyewe ni baridi, hula joto hilo upesi. Kosa dogo ambalo pwani lingepita bila kuonekana, hapa huizuia mota isiwake. Lakini ikisha kupata moto, kosa lile lile hujificha kutwa nzima. Ndiyo sababu jaribio la saa kumi jioni si jaribio.

Sasa, mota ikikataa asubuhi, tusikimbilie kufungua pampu. Kwanza tazama stata. Injini mpya ni nzito kuzunguka, na mara nyingi waya wa ardhi umefungwa juu ya rangi mbichi ya bodi, umeme haupiti sawasawa. Ikizunguka polepole haitapata joto, hata mafuta yawe mazuri namna gani.

Kama inazunguka kwa nguvu, mtu mmoja asimame nyuma atazame ekzosi. Jambo hili halina gharama, nami nashangaa jinsi linavyosahauliwa. Pasipo moshi hata kidogo, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika ila hayashiki moto; hapo uliza habari za kompresheni, plagi za joto kama zipo, na taimingi ya pampu, maana jino moja tu likiruka wakati wa kufunga gia latosha kuleta taabu hiyo. Tazama pia kama nozeli imewekewa washa mbili mahali pa moja. Ile ya zamani hubaki imeganda chini kwenye shimo, fundi akatia mpya juu yake bila kujua, na nozeli ikanyanyuka mahali pake.

Lakini ugonjwa ninaouona zaidi katika injini zilizofungwa upya ni hewa katika njia ya mafuta. Mota huwaka sekunde chache kisha hufa, au haionyeshi moshi mpaka umezungusha sana. Usiku kucha mafuta yamerudi tanki polepole, na hewa imeingia mahali pake. Wengi hudanganyika kwa kuwa hawaoni tone chini. Hawataliona! Kutoka tanki mpaka pampu ndogo mafuta huvutwa. Palipo na ufa hewa huingia, mafuta hayatoki. Kagua washa za shaba zilizorudishwa bila kubadilishwa, mpira wa filta uliobanwa vibaya, mipira midogo ya kurudisha mafuta kwenye nozeli, na paipu iliyopindwa injini ilipokuwa ikinyanyuliwa kwa mnyororo.

Kuhakikisha ni rahisi. Asubuhi, kabla ya kugusa stata, legeza skrubu ya hewa kwenye filta na upige pampu ya mkono. Yakitoka mapovu, kisha ukafunga na mota ikawaka mara moja, umekwisha kujua ni upande gani. Jioni yake tundika galoni ya dizeli safi juu kuliko pampu, unganisha mpira wake na mahali pa kuingilia pampu ndogo, uache hivyo usiku. Ikiwaka vizuri kesho, ubaya uko kati ya tanki na hapo ulipounganisha. Na kama ufa uko mbele ya hapo, sasa mafuta yanasukumwa na uzito wake, kwa hiyo utaona unyevu.

Neno kwa vijana: haya ya kulegeza paipu ni ya mota za kizamani. Mota za siku hizi zenye kompyuta zina mgandamizo wa zaidi ya ba 1,000 katika paipu za nozeli. Usilegeze kitu hapo injini ikizunguka. Mafuta yale hupenya ngozi, na mtu aweza kupoteza mkono. Na dawa ya kupuliza kwenye mlango wa hewa isiwe desturi. Huvunja ringi ulizozitia jana, na penye plagi za joto hulipuka. Kusukuma lori kwa mabega mtelemkoni pia si kazi ya taniboi, hata kama nyapara anapiga kelele.

Vipimo hivi vyote vinataka usiku mmoja na washa mpya za shilingi chache. Tajiri anayekataa kununua washa, kisha anakata mshahara wa fundi, atazame Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 chamruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Washa kuukuu iliyorudishwa kwa amri yake si kosa la makusudi la fundi. Na akitaka kumfukuza mtu kwa kazi mbaya, kifungu cha 41 chamtaka amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi awe na mwenzake au mwakilishi wa chama hapo.

Napendekeza katika mapatano yajayo tuombe mstari mmoja uongezwe kwenye kadi ya kazi, chini ya ile sahihi ya jioni: saa iliyowashwa asubuhi, rangi ya moshi, na sahihi mbili, ya fundi na ya dereva. Nakala moja ibaki kwa fundi.

Fundi wa dizeli, Lanet