Kabla Umwite Mwenzako Mwizi, Ziro Skopu Yako

Wasee, leo naongea na watu wa easofti. Kama hujui, ni ule mchezo ulioanzia Japani, watu wanapigana na bunduki za kuchezea zinazotema vigololi vya plastiki vya milimita 6. Hakuna rangi kama kwa peintiboli. Ukigongwa, unainua mkono mwenyewe na kutoka. Mchezo mzima unasimama kwa uaminifu.

Sasa shida huanza hapa. Kila mechi lazima kuwe na msee mmoja wa skopu kubwa. Anapiga tano, hakuna anayetoka, kelele zinaanza: "Huyo nimemgonga! Mwizi huyo!" Msimamo wangu ni huu: kama hujaziro skopu yako, huna haki ya kumwita mtu mwizi.

Kuziro ni kuhakikisha kigololi kinafika pale msalaba wa skopu unaangalia. Gemu zimetuzoesha vibaya. Kwa Call of Duty Mobile unaweka skopu, inapiga palepale. Bunduki ya mkononi haiko hivyo. Skopu inakaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, na umeifunga na skrubu wewe mwenyewe. Jicho linafuata laini moja, kigololi kinafuata nyingine.

"Lakini nilizungusha kliki mbili tatu." Haya, tupige hesabu. Skopu nyingi husonga robo MOA kwa kila kliki. Kwa mita 100 hiyo ni kama milimita 7. Kwa mita 25 ni chini ya milimita 2, hata theluthi ya upana wa kigololi haifiki. Ukiwa unakosa kwa sentimita 10, unahitaji kliki kama 55. Hizo zako tatu zilikuwa za kujifariji tu.

Na usiguse kliki kabla ya hopapu. Hiyo ni raba ya ndani ya mtutu inayokizungusha kigololi kinyumenyume ndio kielee hewani. Ikiwa kidogo, kinaanguka mapema. Ikizidi, kinapaa. Iseti kwanza, na gololi zilezile utakazochezea. Ukitoka gramu 0.20 uende 0.28, unaanza upya. Halafu laza bunduki juu ya kitu kisichotingika, piga kumi kwa karatasi bila kubadilisha chochote. Tafuta katikati ya mashimo, kisha zungusha kliki mpaka hiyo katikati ikutane na msalaba. Mashimo yakitapakaa kama mchele uliomwagika, shida si skopu, na hakuna kliki itakuokoa.

Najua kuna mtu atasema wadanganyifu wapo kweli. Wapo, sikatai. Lakini utajuaje ni yupi? Kigololi cha gramu 0.20 chenye nguvu ya jouli 1 hutoka na kasi ya mita 100 kwa sekunde, halafu hewa inaanza kukivuta nyuma. Kufika mita 50 kinachukua zaidi ya nusu sekunde. Huyo mtu ashasonga. Wewe kwa skopu bado unaona bega lake kubwa kama mlango, unaapa umempata.

Tena si heshima peke yake iko hapa. Skopu isiyo na ziro inaweza kulenga kifua na kupata meno ya mtu. Miwani inalinda macho, lakini mdomo je?

Hii kazi yote ni karatasi, kiti na nusu saa kabla ya mechi. Timu ikipoteza marafiki kwa sababu ya mtu mmoja aliyeona uvivu kuifanya, hiyo ni hasara ya kijinga. Ziro kwanza. Baada ya hapo ukisema umemgonga, tutakuskiza. Kabla ya hapo, maze, nyamaza ucheze.