Gundi ya Kava ya Gia



Barua ya wiki hii imetoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara na ambaye sasa makazi yake ni Leparua katika kaunti ya Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa, ametuletea swali ambalo tulipolisoma mara ya kwanza tulitabasamu. Tulipolisoma mara ya pili tuliacha kutabasamu.

Anasema kwamba ile kava ya ngozi inayovishwa mkono wa gia katika gari lao ilichanika na kuachana na fremu yake. Mumewe akaibandika kwa supaglu. Haikutimia wiki ya pili, ukingo wa ngozi ukawa mgumu kama kigae, ukafanya utandu mweupe, kisha ukabanduka wote kwa pamoja siku waliyokuwa wakirudi kutoka mjini Isiolo, vumbi la njia likawajaa mapajani. Sasa bwana amenunua kipande kipya cha ngozi pamoja na kopo la gundi, na amekusudia kuifanya kazi hiyo sebuleni, usiku, baada ya Isha, kwa kuwa mchana upepo hautulii. Katika nyumba hiyo yumo mtoto wa miaka 4 mwenye pumu, na dada yetu mwenyewe ana mimba ya miezi 5. Ameuliza jambo moja tu: gundi ipi ifaayo? Tutamjibu hilo, na tutamjibu pia lile ambalo hakuliuliza.

Tuanze na supaglu, maana wengi wetu tunayo katika droo ya jikoni. Gundi hii hushika upesi kwa msaada wa unyevu mdogo uliomo hewani na juu ya vitu vyenyewe, na ikishakauka huwa kama kioo: yashika, lakini haipindi. Kava ya gia kazi yake yote ni kupinda. Kila gia inapobadilishwa, ngozi hukunjwa upande huu na kunyooshwa upande wa pili, mara mamia kwa safari moja ya njia mbaya. Tena ngozi ni kitu chenye vinyweleo. Huinywa supaglu hadi ndani, ikawa ubao. Ule utandu mweupe ni mvuke wa gundi yenyewe uliorudi kutua pembeni. Wanaume wetu, Mwenyezi Mungu awahifadhi, huipenda gundi hii kwa sababu haiwadai subira.

Adui wa pili ni joto. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, ndani yake huwa tanuri. Vitu vyeusi vinavyopigwa na jua moja kwa moja huweza kupita digrii 60. Kwa sababu hiyo tunaziondoa hapo hapo gundi mbili ambazo watu huzikimbilia. Ya kwanza ni ile ya vijiti inayoyeyushwa kwa bunduki ya umeme, ambayo mabinti zetu huitumia kubandikia maua na mapambo ya harusi. Iliyoyeyuka kwa moto italainika kwa moto. Ya pili ni gundi nyeupe ya maseremala, nzuri kwa mbao na karatasi, dhaifu mbele ya joto na maji. Silikoni, ile inayonuka siki inapokauka, huvumilia joto vizuri sana, ila haishiki ngozi wala plastiki nyingi kwa nguvu ya kutosha. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba mahali ilipopita, gundi nyingine haitashika tena kwa urahisi. Epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, tungeiweka akiba kwa fremu iliyovunjika, si kwa ngozi.

Inabaki gundi ya mpira, ile ambayo mafundi wa viatu na mafundi wa viti vya magari huipaka pande zote mbili, wakaiacha ikauke kidogo, kisha wakagandamiza. Hii ndiyo tunayoichagua. Ikikauka hubaki na unyumbufu, kwa hiyo huifuata ngozi inapokunjwa. Lakini kopo moja si sawa na jingine. Dada yetu asome maandishi ya kopo aliloletewa: litaje kwamba yafaa kwa ngozi, na litaje kiwango cha joto inachohimili. Kama ni digrii 50 tu, hiyo ni ya soli za viatu vya kutembelea kivulini. Atafute inayovuka 80. Na kama kile kipande kipya si ngozi ya mnyama bali ni ngozi ya bandia, mambo hubadilika kidogo, kwa maana plastiki ya aina hiyo hutoa mafuta yake polepole na kuilainisha gundi ya mpira ya kawaida. Hapo fundi wa viatu aulizwe gundi ya poliurethani, ambayo humudu zaidi.

Kabla ya hayo yote, ageuze ile fremu ya plastiki na kuitazama chini. Viwanda vya magari huandika humo, kwa herufi ndogo sana, jina la plastiki yenyewe. Akikuta ABS, gundi itashika, na asiipanguse kwa thina wala kwa ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni, kwani huiyeyusha. Sabuni na maji, kisha spiriti kidogo, vinatosha. Akikuta PP, basi ajue kwamba amenunua gundi ya kazi isiyowezekana. Plastiki hiyo ina uso wa kuteleza ambao karibu kila gundi huukataa, na hata ikishika leo, itaachia kesho kutwa kama ganda la yai lililochemshwa. Na ndiyo maana baadhi ya viwanda havikutumia gundi pekee hapo. Vilitia pini za chuma au meno madogo ya kuing'ata ngozi.

Dawa ya PP ni uzi. Fremu itobolewe matundu madogo kwa sindano iliyotiwa moto au kwa keekee nyembamba, ngozi ishonwe kuizunguka, na gundi iwe ya kuufunga ukingo tu usiinuke. Na hapa dada yetu amebahatika kuliko sisi tulioko Mombasa, kwa maana amezungukwa na wanawake ambao mikono yao inajua ngozi. Kina mama wa jamii za wafugaji wa kaskazini, Wasamburu na wenzao, hushona shanga juu ya ngozi, na kazi zao huvaliwa juani na vumbini miaka na miaka. Mama mmoja wa jirani mwenye sindano nene huenda akaimaliza fremu ile kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Apelekewe sukari, na alipwe haki yake.

Tupite kidogo kwenye ngozi yenyewe, kwa sababu wasomaji wetu watatuuliza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, ngozi ya mnyama hutoharika kwa kutiwa dabaghi, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Mkono wa gia hushikwa kila siku, mara nyingi kwa kiganja chenye jasho au maji ya udhu, kwa hiyo si wasiwasi mtupu kuuliza ngozi ni ya mnyama gani. Ngozi ya nguruwe mara nyingi hutambulikana kwa vinyweleo vyake vilivyojipanga vitatu vitatu, kama pembetatu ndogo, ijapokuwa ikipigwa chapa juu huwa vigumu kuviona. Lakini Isiolo ni nchi ya mbuzi, na ngozi ya mbuzi ni nyembamba, laini, yenye nguvu. Hatuoni sababu ya kununua nyingine.

Sasa tuje kwenye lile ambalo dada yetu hakuliuliza.

Gundi nyingi za mpira zinazouzwa kwa kopo huwa zimeyeyushwa kwa vimiminika vikali, na kimojawapo maarufu ni tolueni. Kile kinachonukia mtu anapofungua kopo ndicho hicho, kinaondoka kwenye gundi na kuingia vifuani. Kwa mtoto mwenye pumu, chumba kilichofungwa chenye mvuke huo chaweza kumletea shambulio usiku ule ule. Kwa mja mzito, kuvuta mvuke mwingi wa tolueni ni hatari kwa aliyemo tumboni. Sote tumewaona watoto wa mitaani, Mombasa na Nairobi, na chupa ya gundi mdomoni. Huko Marekani ya Kati watoto wa aina hiyo wamepata hata jina lao, resistoleros, lililotokana na jina la gundi. Ni gundi ya viatu hiyo hiyo. Hatusemi kwamba kazi ya nusu saa ni sawa na uraibu. Twasema kwamba kilichomo ndani ya chupa ya yule mtoto ndicho kilichomo ndani ya kopo, na sebule si mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo tunalihofia zaidi kwa sababu tunajijua. Nyumba ikinuka, mwanamke wa pwani ataitia chetezo. Mvuke wa gundi ya namna hii ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, na ukikutana na kaa la moto huwaka. Udi na ubani visikaribishwe ndani ya chumba chenye gundi mbichi, wala jiko la makaa, wala taa ya mafuta. Harufu nzuri haiondoi ile mbaya; huificha tu, na mapafu hayadanganyiki.

Bwana ana hoja yake kuhusu upepo, nayo ni ya kweli: vumbi likitua juu ya gundi kabla ya kubandikwa, kazi imeharibika. Basi na afanye asubuhi, akishasali Alfajiri na kupambazuka, wakati upepo bado umelala na jua halijachoma. Fremu na ngozi huweza kutolewa garini, hivyo hapana haja ya kupaka gundi ndani ya gari wala ndani ya nyumba. Azime injini, avute breki ya mkono, azibe magurudumu kwa mawe, afungue kichwa cha gia, kisha aing'oe fremu taratibu. Ngozi mpya aijaribu kwanza pasipo gundi: aivishe, apitishe gia zote hadi ile ya kurudi nyuma. Ikivuta upande wowote, ni fupi. Asidharau hilo, kwani ngozi iliyobana, kwenye njia ya mashimo, huweza kuuvuta mkono wa gia ukatoka mahali pake gari likiwa linakwenda.

Ikikubali, akwaruze fremu kwa msasa, apanguse, apake tabaka jembamba pande zote mbili, angoje mpaka gundi isinate kidoleni, kwa kawaida dakika 10 hadi 15 kama kopo linavyoelekeza, ndipo abandike na kubana kwa vibanio vya nguo. Ngozi isipakwe mafuta ya nazi wala mafuta yoyote kabla ya siku hiyo. Gundi haishiki penye mafuta. Kisha fremu ilale nje, juu mahali ambapo mtoto hafiki, siku nzima na usiku wake, na irudishwe garini ikiwa haina harufu. Gundi ya mpira ya kuyeyushwa kwa maji, akiipata mjini, ingekuwa bora zaidi kwa nyumba yenye pumu: hukawia kukauka, lakini kwa hewa kavu ya Leparua haitamchosha.

Ama kama hayo yote ni mazito, yuko fundi wa viatu. Fremu na ngozi hutoshea ndani ya mfuko wa sokoni; fundi anayo gundi yake, anayo sindano yake, yuko nje penye hewa. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia iliyo nyepesi, na ndiyo inayoacha nyumba bila kopo lililobaki nusu. Na kopo likibaki, mtoto asitumwe kulichukua wala kulinunua dukani.

La mwisho, na tunamwomba alifanye siku hiyo hiyo fremu ikiwa imeng'olewa. Chini ya kava ya ngozi, katika magari mengi, upo mpira mweusi uliofungwa sakafuni kuuzunguka mkono wa gia. Ngozi ni pambo. Mpira huo ndio mlango. Vumbi lililowajaa mapajani siku ile halikupaswa kupita hata kama ngozi imebanduka, na kwa kuwa lilipita, tunashuku kwamba mpira umechanika. Penye tundu la vumbi hupita pia moshi wa ekzosi inayovuja, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu usingizi wa hatari. Mpira huo haubandikwi kwa gundi. Hununuliwa mwingine.

Dada yetu, mwonyeshe bwana barua hii baada ya chakula, si kabla. Kisha tuandikie utuambie ni herufi zipi mlizozikuta chini ya fremu.