Ubeti Uliokatwa

Ami yangu mmoja, mtunzi wa siku nyingi ambaye mashairi yake wasomaji wa kurasa hizi wanayajua na jina lake nalihifadhi kwa heshima, aliniuliza barazani baada ya sala ya alasiri: "Filamu ya Wapakistani inatuhusu nini sisi?" Nilikuwa nimetoka kuisifu mbele ya watu. Hakungoja jibu. Akaongeza mawili: kwamba mambo yale ni kinyume cha mila na dini, zetu na zao, na kwamba, hata hivyo, filamu yenyewe si ilifunguliwa mwisho wake? Ilikatwa kidogo, ikaonyeshwa. Wanataka nini tena?

Pale barazani sikumjibu, kwani mkubwa habishwi mbele za watu. Namjibu hapa, kwa adabu ileile, lakini bila ya kupunguza neno.

Kwanza habari yenyewe, kwa asiyeijua. Filamu inaitwa Joyland, mwongozaji wake ni Saim Sadiq, na kisa chake ni cha mjini Lahore. Haider, kijana aliyeoa, anaishi katika nyumba ya ukoo chini ya baba mkali aliye katika kiti cha magurudumu. Hana kazi. Anaipata kwenye ukumbi wa dansi, akicheza nyuma ya msanii aitwaye Biba, na nyumbani anasema amekuwa meneja. Biba ni khwaja sira, nalo ndilo jina la heshima wanaloitwa huko watu walioandikwa wanaume walipozaliwa, kisha wakajijua nafsini mwao kuwa sivyo. Anayemwigiza, Alina Khan, ni mmoja wao. Baina ya Haider na Biba panazuka mapenzi. Na huku mkewe Haider, Mumtaz, aliyekuwa na kazi yake ya kuremba maharusi, analazimishwa na ukoo kuiacha akae ndani. Mwisho wa hadithi ni msiba, na maiti si ya Biba. Anayekufa ni Mumtaz. Nimeyataja haya makusudi, maana waliosema filamu ile ni tangazo la uasherati hawakutueleza kwa nini anayeliliwa ndani yake ni mke wa ndoa.

Mei 2022 filamu hiyo ikawa ya kwanza ya Pakistan kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, ikarudi na tuzo ya jopo katika kitengo cha Un Certain Regard. Agosti ikapewa cheti cha kuonyeshwa nyumbani. Siku ya kuzinduliwa ikawekwa kuwa 18 Novemba. Tarehe 11, wiki moja kabla, wizara ya habari ikakifuta cheti kilekile, kwa sheria ya filamu ya 1979, ya enzi za Jenerali Zia-ul-Haq, kwa hoja kwamba yaliyomo hayalingani na maadili ya jamii. Kelele zikapigwa. Malala Yousafzai, aliyekuwa miongoni mwa watayarishaji, akaandika kuitetea. Waziri Mkuu Shehbaz Sharif akaunda kamati, na tarehe 16 ikaruhusiwa, baada ya vipande kadhaa kukatwa. Kesho yake serikali ya jimbo la Punjab ikaipiga marufuku. Lahore ndio mji mkuu wa Punjab. Basi mji uliosimuliwa ndio ulionyimwa kujisikiliza.

Sasa swali la kwanza: inatuhusu nini?

Mwaka 1871 Mwingereza alitunga kwa ajili ya India Sheria ya Makabila ya Wahalifu. Sehemu yake ya pili iliwalenga watu hawa. Iliamuru waandikwe katika daftari la polisi. Aliyeandikwa akionekana hadharani amevaa nguo za kike, au akicheza ngoma, au akipiga muziki mbele za watu, alikamatwa pasi na hati, na kifungo chake kiliweza kufika miaka miwili. Isome tena, ami, kwa jicho la mtunzi: nguo, ngoma, muziki. Kabla ya senema kufika nchi ile, mkasi ulikuwa umeshanolewa, na uliowakata kwanza ni wasanii. Mwingereza huyohuyo ndiye aliyeichukua Kanuni ya Adhabu ya India akaivusha bahari hadi pwani yetu, tukahukumiwa kwayo. Kenya nayo, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ilitungwa 1962, bendera ya mkoloni ingali juu. Na ni kwa sheria hiyo filamu ya Rafiki, ya wasichana wawili wa Nairobi, ilipigwa marufuku Aprili 2018. Septemba ya mwaka ule mahakama iliifungulia siku saba tu. Watu wakajaa, siku zikaisha, mlango ukafungwa. Mikasi hii miwili imetoka kwa mhunzi mmoja. Anayeuliza inatuhusu nini ni kama aliyeona jirani ananyolewa asiulize wembe umetoka nyumba gani.

Swali la pili: mila na dini.

Kuhusu mila, nitasema machache, kwani historia inajitosheleza. Katika makasri ya Wamughal, khwaja sira walikuwa watu wa dhamana: walinzi wa nyumba za ndani, washauri, wenye mali na vyeo. Waliofanywa wahalifu ni watu waliokuwa wakijulikana, wakiitwa kwa jina la heshima. Anayetwambia leo kwamba kuwaficha ndiyo mila ya kale aseme kale ipi. Maana ile ninayoisoma inaanza 1871, na imeandikwa kwa Kiingereza.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa. Ila nilisoma chuoni kama tulivyosoma sote, na nakumbuka kwamba katika mlango wa mirathi wanazuoni walimtaja khuntha, mtu asiyebainika ni mume au mke, wakajadili fungu lake na safu yake katika sala. Najua nitakavyojibiwa: khuntha ni suala la umbile, na Biba ni suala jingine. Sibishi, ubishi huo ni wa wenye elimu yake, na Mahakama ya Sharia ya Pakistan imeusimamia kwa nguvu. Ninalolisema ni dogo zaidi. Wanazuoni wale walipokutana na mtu aliyewatatiza walimtaja kwa jina, wakamwandika vitabuni, wakawasomesha watoto wa miaka kumi na miwili habari zake. Hawakusema: jambo hili lisitajwe. Kunyamaza kwetu, basi, tusikutwike juu ya mabega yao. Kunyamaza ni kwetu wenyewe.

Nafika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Ilifunguliwa, wanataka nini tena?

Ami, waliopigania filamu walishinda kwa siku tano. Cheti kilifutwa tarehe 11, kikarudi tarehe 16. Ni nadra serikali kugeuza shingo upesi namna hiyo. Iligeuka kwa sababu waliokuwa wakilalamika walikuwa waigizaji wenye majina, watengenezaji filamu, waandishi, watu wenye tuzo za ng'ambo na hati za kusafiria. Siwabezi, walifanya la haki. Lakini kamati ilipowapa filamu yao na mkasi ukiwa umeshapita, wengi waliupokea mkato ule kuwa ndiyo bei ya ushindi. Hapo ndipo nasema walikosea. Marufuku huleta hasira, na hasira hukusanya watu. Mkato hutawanya. Anayekatiwa kidogo hushukuru kwa kilichobaki, hurudi nyumbani, na mwenye mkasi huutia mfukoni hali amekubaliwa kuwa ni wake kwa haki.

Na khwaja sira wenyewe? Siku mbili baada ya filamu kufunguliwa, 20 Novemba 2022, waliandamana Karachi katika maandamano waliyoyaita Moorat March, kwa jina wanaloitana wao kwa wao. Hawakuwa wakidai tiketi za senema. Walidai usalama wa maisha yao, na walikuwa wakiitetea sheria ya 2018 iliyowapa haki ya kuandikwa katika kitambulisho kama wanavyojijua. Sheria hiyo ilikuwa imeshaanza kushambuliwa majukwaani na mahakamani, na walioishambulia ni baadhi ya walewale walioishambulia filamu. Tarehe 19 Mei 2023 Mahakama ya Sharia ilivitengua vifungu vyake vikubwa, kikiwamo cha kujitambulisha na kile cha mirathi. Rufaa ikakatwa. Kelele zilizovuka bahari kwa ajili ya saa mbili za picha hazikuvuka kwa kiasi kile kwa ajili ya kitambulisho. Februari ya mwaka huohuo Marvia Malik, aliyeanza kusoma habari katika televisheni ya Lahore Machi 2018 na kuwa khwaja sira wa kwanza nchini mwake kushika kazi hiyo, alifyatuliwa risasi, akanusurika. Mkasi wa filamu hukata picha. Risasi hukata msomaji habari. Vyote viwili vinataka uso ule usionekane.

Tusidhani kwamba wao ni wazembe wa kujikusanya. Wengi wao walifukuzwa majumbani wakiwa watoto, wakapokewa katika nyumba za pamoja chini ya guru, mkubwa anayewalisha na kuwahifadhi, nao wakampa sehemu ya wanachokipata. Nyumba hiyo ni kimbilio, na pia ni amri. Guru mwenye midomo kumi ya kulisha huogopa mara kumi. Vijana waliosoma huzungumza lugha ya sheria na haki. Wakubwa huzungumza lugha ya desturi na utii. Baina yao kuna shaka ya kweli, na si rahisi kuimaliza kwa semina. Tena riziki yao iko barabarani, kwenye arusi, kwenye taa za magari. Msanii mwenye jina akiandamana leo, kesho yu nyumbani kwake. Anayeomba kwenye makutano ya barabara akiandamana leo, kesho yu mbele ya polisi yuleyule, kwenye taa ileile. Ukilipima hilo utaona kwamba maandamano ya Karachi, hata yangekuwa ya watu ishirini, yalikuwa na uzito kuliko sahihi zetu sote.

Na wakitaka kujikusanya kwa njia ya sheria, karatasi huwakataa. Kenya, jumuiya ya kuwatetea watu wa namna hii ilinyimwa usajili mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru Julai 2014 isajiliwe. Na Oktoba ya mwaka huo mmoja wao, Audrey Mbugua, akashinda kesi ili cheti chake cha mtihani kitolewe upya kwa jina lake na bila ya alama ya jinsia. Kwa umma uliokuwa ukitazama, zilikuwa habari za makarani. Kwangu mimi ni habari za ushairi, maana asiyeweza kuandikwa jina lake kwenye cheti cha shule ataandikwaje chini ya shairi?

Hapa sina budi kusema la kwangu, la sivyo nitakuwa nimeshika mkasi huku nausema wa wenzangu.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa mmoja wa wanaochagua mashairi ya kuchapwa, lililetwa shairi la kijana wa hapa pwani. Vina vyake vilikuwa safi, mizani haikutetereka. Beti saba zilikuwa za bahari na safari. Ubeti wa nane ulisema wazi jina ambalo mwenye shairi alikuwa akitaka kuitwa, na jina hilo lilikuwa la kike. Nikaukata. Nikaandika barua ya upole, nikamwambia beti saba zinatosha, na kwamba mtunzi wa pwani hujua kufumba. Niliiona barua ile kuwa ni ya ulezi. Hakujibu, wala hakuleta shairi jingine. Beti zile saba hatukuzichapa, kwa kuwa hakutoa idhini.

Nimelifikiri neno lile, kufumba, kwa muda mrefu. Fumbo ni vazi analolichagua mtunzi mwenyewe, kwa hiari au kwa hadhari yake. Akivikwa na mhariri ni kitambaa cha kumziba mdomo. Sote hapa twajivunia Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka aliouandika akiuliza nchi inakwenda wapi, na kutoka gerezani akatuletea Sauti ya Dhiki. Simjui mshairi hata mmoja anayemlaumu kwamba hakufumba. Kwa nini basi ujasiri wake tunauimba, na wa kijana yule niliusahihisha kama kosa la imla?

Kwa hivyo, ami, wanachokitaka tena ni hiki, na mimi nakitaka pamoja nao. Tunapokata, tuseme tumekata, ni wapi na kwa amri ya nani, ili msomaji ajue kwamba anasoma kilichobaki. Tusikubali mkato uitwe huruma. Na tunapotetea kazi ya sanaa, tusimwache nyuma mtu aliyemo ndani yake. Tukipaza sauti kwa ajili ya filamu, tuipaze vilevile siku kitambulisho kinapochukuliwa, ingawa siku hiyo hapana zulia jekundu wala wapiga picha.

Utanijibu kwamba hata hayo ni maneno tu. Kweli. Lakini shairi lile ninalo, beti zake zote nane, kwa hati ya mkono wa mwenyewe. Mwenye shairi akitaka, hata kesho, nitasimama mbele ya wenzangu kuomba lichapwe kama lilivyoletwa, na jina chini yake liwe lile la ubeti wa nane. Nawe, ami, ukilisoma ukaona vina vimepotoka, nikosoe hapo.