Kumwachia Mungu si kuacha dawa

"Mwachie Mungu." Kila mzazi anayeuguza ameambiwa maneno haya, na jirani anayeaga, na mchungaji akimaliza sala, na shangazi kabla hajakata simu. Mimi nayapenda. Ugumu huja pale yanapofuatana na sharti: mwachie Mungu, na hivyo vidonge viweke kando, maana kuvimeza ni kutegemea nguvu za wanadamu.

Mama mmoja wa Ulemo, wilayani Iramba, mkulima wa alizeti, alipewa sharti hilo kuhusu mwanawe wa miaka tisa mwenye kifafa. Mtoto alikuwa amemaliza miezi saba bila kuanguka. Kwenye maombi mama akaambiwa mtoto amepona, na kuendelea na dawa ni kumtilia Mungu shaka. Akaacha. Siku ya nne mtoto akaanguka jikoni, na kabla fahamu hazijamrudia sawasawa akaanguka tena. Wakampakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mama, mpaka Kiomboi.

Leo mtoto yuko shule. Ila sentensi moja ya mama yake sijaisahau: "Mwanangu, sikuwa naogopa ugonjwa. Niliogopa kuonekana sina imani."

Ndugu mzazi, tuelewane kwanza kuhusu dawa hizi. Hazimalizi kifafa kama dawa ya malaria inavyomaliza malaria. Zinatuliza ubongo kila siku, ndiyo maana mtoto anaonekana mzima. Zikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, likaunganika moja baada ya jingine, na hapo mtoto anaweza kufa. Ile miezi saba ya utulivu ilikuwa kazi ya vidonge. Kama unaamini, kama mimi, kwamba uponyaji wote watoka kwa Mungu, basi alikuwa anamponya mtoto kwa vidonge hivyo hivyo.

Jambo hili si la Iramba peke yake. Mwaka 2011 nchi nzima iligeukia kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyesema Mungu amemwonyesha dawa. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani wakisubiri. Wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakarudi kliniki wamedhoofu. Siwacheki waliokwenda. Mtu mwenye mgonjwa ndani hachagui mlango wa kubisha. Ninachouliza ni kwa nini imani ilipimwa kwa kuacha dawa.

Naona tumekosea kuelewa nguvu za wanadamu ni kitu gani. Tunadhani ni kidonge, sindano, daktari. Kwa wazazi ninaokutana nao kazini, nguvu zinazowamaliza ni nyingine: kutaka kubeba peke yao, kuficha ugonjwa ili ukoo usiseme, kukesha wakijilaumu, kumpangia Mungu kwamba lazima apone kabla ya Pasaka. Hizo ndizo za kumkabidhi. Mama wa Ulemo alikuwa ameficha kifafa cha mwanawe hata kwa mwalimu wa darasa. Alipomwambia, mwalimu akajifunza cha kufanya, na mama akalala usiku mzima, anasema kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Na hao waliotuletea Biblia huku walisali na kuchoma sindano pia. Hospitali ya Kiomboi ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri. Nabii Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mahututi, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Ndugu zetu Waislamu nao wana mafundisho ya yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzitumia vizuri. Wengine huja kuacha dawa kabisa, mara nyingi baada ya miaka miwili au zaidi bila degedege, daktari akipunguza kidogo kidogo. Kwa hiyo ukiambiwa mtoto amepona, shukuru, kisha nenda kliniki ukalisema hilo hilo. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, legeza kola. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimkimbie kwa kuogopa povu, kifafa hakiambukizi. Omba, lakini tazama saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri.

Na kama kinachokukwamisha ni nauli ya kila mwezi, mwambie mhudumu wa kliniki kabla dawa hazijaisha. Muulize kama unaweza kuandikiwa za miezi miwili au mitatu, au kuzichukua kituo cha karibu na kwenu. Mchungaji au shehe wako naye mwambie unachotumia, kwa jina la dawa, ili anapomwombea mtoto aiombee na dawa yenyewe.