Msitu Usiokanyagwa Huibiwa

Wako watu wenye masomo mengi ambao, wakiona miti imesimama katikati ya mji, husema: «Ardhi hii imelala bure. Ikatwe, yajengwe majumba.» Wako na wengine, wapole kuliko hao, wasemao: «Msitu ufungwe kabisa, mtu asiingie, wanyama wapate raha.» Mimi nasema: wote wamekosa. Tena wale wapole, bila kujua, wanawafungulia mlango wale wa kwanza.

Tazameni msitu wa Karura, katika mji wa Nairobi, nchi ya Kenya. Ukubwa wake ni hektari elfu moja hivi, nao uliandikwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Je, maandishi hayo yaliulinda? Hata kidogo! Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kwa siri watu waliotaka kujenga. Jambo hilo liliwezekanaje? Kwa kuwa raia waliuogopa. Wanyang'anyi walijificha humo, na mtu mwenye akili hakupita. Mahali pasipo macho ya watu, mwizi mwenye kalamu hufanya kazi yake kwa raha kuliko mwizi mwenye panga.

Ndipo Mama Wangari Maathai na wenzake walipokwenda, si kwa silaha, bali kwa miche. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa langoni, naye akatoka damu kichwani. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, rais akakataza kugawa ardhi ya umma.

Mtaniambia: «Basi, msitu uliokoka.» Bado! Amri ilizuia kugawa, lakini haikuondoa hofu. Mwaka 2009 majirani waliunda chama cha marafiki wa Karura, wakashikana mkono na idara ya misitu. Wakazungusha ua, wakaweka walinzi, na vijana wa mtaa wa Huruma ulio jirani wakapata kazi hiyo. Leo kuna njia za kutembea zaidi ya kilomita 50, maporomoko ya maji na mapango. Mama hupita na watoto wake, wanafunzi hukimbia, na kima huwatazama juu ya miti. Hata mbega, waliokuwa wametoweka, wamerudishwa. Wanyama hawakukimbizwa na nyayo za watu. Walikimbizwa na shoka.

Lakini sikieni neno la mwisho, ninyi mnaoshika funguo za misitu ya mijini. Kiingilio ni haki, maana mlinzi naye hula. Ila mkikipandisha hata maskini ashindwe kuingia, mtakuwa mmemfukuza shahidi wenu. Siku mwenye kalamu atakaporudi, nani atasimama langoni? Hakuna anayepigania bustani ambayo hajawahi kuiona.

Basi fungueni malango, tena kwa bei ya mtu mdogo.