Jiwe Si Maiti

Msomaji, lifungue daftari lako la sayansi penye ukurasa uliopigwa mstari katikati. Upande mmoja umeandika mtu, ng'ombe, chura na mti wa chai. Upande wa pili jiwe, maji, udongo na chuma. Juu ya fungu la kwanza pana maneno "vyenye uhai", na juu ya fungu la pili "visivyo na uhai". Sina ugomvi na mstari huo maadamu kazi yake ni kutenga vitu vinavyokula, kukua na kuzaa na vile visivyofanya hivyo. Ugomvi wangu ni na mstari mwingine, usioandikwa, uliopenya akilini mwako kwa kujificha nyuma ya ule wa kwanza: ya kwamba jiwe, maji na chuma ni giza tupu kwa ndani, na ya kwamba fahamu ni mgeni aliyeingia duniani kwa mlango wa ubongo peke yake. Hakuna mwalimu aliyeupima mstari huo katika maabara. Tumeurithi, tukaukariri, na wengi wetu tumeudhania kuwa ni sayansi.

Mimi nasadiki kinyume chake. Nasadiki kuwa maada yote na nishati yote ina fahamu ya namna yake, hata ikiwa hafifu kiasi cha kukosa jina katika lugha zetu. Najua utacheka. Cheka, lakini usifunge kitabu.

Kama u mtu wa Nyeri, Karatina au Kerugoya, tazama udongo ulio chini ya miguu yako. Ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na chuma hicho kilitoka katika miamba iliyomwagwa na volkano za kale, kabla hajazaliwa mtu wa kuitazama. Mizizi ya mboga hukivuta, mboga huingia chunguni, nawe unakula. Damu yako nayo ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Mwilini mwa mtu mzima mna gramu 3 au 4 hivi, kadiri ya msumari mmoja. Na ubongo wako, huo unaobishana nami sasa hivi, umefanywa kwa maji, kaboni, fosforasi na chumvi zilizopita njia hiyo hiyo ya shambani na jikoni. Basi nionyeshe ni wapi njiani kitu kilichokuwa giza tupu kiliwashwa taa. Je, ni katika mzizi? Ni katika chungu? Ni katika tumbo? Mkemia akipima fosforasi ya ubongo wako na fosforasi ya shamba, haoni tofauti hata moja.

Labda utajibu kuwa fahamu haimo katika chembe bali katika mpango wa chembe. Hilo ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote, na halifai kupuuzwa. Lakini mwaka 1714 Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, alikwisha kuliwekea kizuizi. Alisema tuwaze mashine yenye kufikiri na kuhisi, kisha tuikuze mpaka mtu aweze kuingia ndani yake kama aingiavyo katika kinu cha kusagia nafaka. Nenda basi katika nyumba ya mashine ya kusaga mahindi, ukaangalie. Utaona mkanda unazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha jiwe, jiwe linaponda punje. Utaona kitu kinasukuma kitu. Panga misukumo hiyo utakavyo, iongeze mara milioni, utapata msukumo mkubwa zaidi, au wenye hila zaidi. Utamu wa muwa hutaupata humo. Wengine husema kuwa maji huloweka ingawa chembe moja ya maji hailoweki, na kwa hiyo jambo jipya huweza kuzaliwa na mpango. La hasha, mfano huo hautoshi. Kuloweka ni mwendo wa chembe tu, ukiutazama kwa wingi wake. Anayeijua miendo yote aweza kuutabiri. Lakini anayeijua miendo yote ya mishipa ya ubongo, naye hajaonja muwa maisha yake, hatautabiri utamu wake kamwe.

Wenye elimu ya fizikia wenyewe wamekiri jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Bertrand Russell mwaka 1927, na Arthur Eddington mwaka 1928, Waingereza wote wawili, walionyesha kuwa fizikia hutueleza maada hufanya nini, na haitwambii maada ni nini. Uzito wa kitu ni kadiri kinavyokaidi kusukumwa. Chaji yake ni jinsi kinavyovuta na kufukuza vingine. Hizo ni nyayo za mpitaji, naye mwenyewe hatujamwona uso. Pana kipande kimoja tu cha maada ambacho kila mtu hukijua kwa ndani, nacho ni ubongo wake, na ndani ya kipande hicho amekuta fahamu. Mtu aliyefungua gunia moja kati ya magunia elfu ya ghala moja, akakuta maharagwe, hawezi kuitwa mpumbavu akisema kuwa yaliyobaki nayo huenda yana maharagwe. Mpumbavu ni yule anayeapa kuwa yaliyobaki yote ni matupu. Na tangu Einstein aonyeshe mwaka 1905 kuwa maada na nishati ni mali ya hesabu moja, anayekubali la kwanza hawezi kulikataa la pili.

Sasa nisingiziwe nisiyosema? Sisemi kuwa jiwe linalia linapopasuliwa, wala kuwa lina mawazo na kumbukumbu. Halina mishipa ya kuyabebea hayo. Sisemi kuwa Mlima Kenya ni nafsi moja kubwa inayotuangalia sote. Siku ya soko Karatina pana watu wengi, na kila mmoja anaijua njaa yake, lakini soko lenyewe haliumwi na njaa. Jinsi fahamu ndogo nyingi zinavyoungana kuwa moja ndani ya kichwa chako, na zisiungane katika lundo la kokoto, ni swali gumu lisilopata jibu mpaka leo. Nalikiri. Hata hivyo, napendelea swali gumu kuliko muujiza wa taa kuwashwa na kitu kisicho na moto.

Wapo waliodai zamani kuwa wazee wetu waliabudu miti na milima. Mzee Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya mila za Wakikuyu, alieleza wazi kuwa Kirinyaga ni makao ya Ngai. Hakusema ni Ngai mwenyewe. Nami sitaki kuwasingizia wazee ili wanitetee. Wao walisema juu ya roho inayokaa mtini, nayo huweza kuhamishwa. Mimi nasema juu ya mti wenyewe, na jiwe lililo chini yake. Pengine wangenikemea. Lakini nyumbani kwao ni karibu nami kuliko nyumbani kwa daftari lile.

Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, amesimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mgumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mgumo huo palikuwa na kijito chenye mayai ya vyura, naye alijaribu kuyatwaa akidhani ni shanga. Baadaye mwenye shamba aliukata mti apate nafasi ya chai, na kijito kikakauka. Utasema kuwa mizizi ndiyo iliyoyafungulia maji njia, na kuwa hapana haja ya fahamu hapo. Kweli kabisa. Kisa hiki hakithibitishi hoja yangu. Mtetezi anayeokota kila kisa kuwa shahidi huharibu kesi yake. Nakitaja kwa sababu mwenye shamba hakuuliza. Kwake mti ulikuwa mzigo uliojaza nafasi, na mzigo hauulizwi. Vivyo hivyo mwaka 1999, Shirika la Wanyamapori la Kenya liliporusha ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya, lilikuta maelfu ya miti ya muthaiti imekatwa kinyume cha sheria, na bangi imelimwa ndani ya msitu. Sidhani waliokata walikuwa na falsafa yoyote. Walikuwa na mstari ule usioandikwa, nao uliwatosha.

Utaniuliza sasa kama natuzuia kuchonga mawe ya kujengea shule, au kupasua kuni za kupikia. Wakikuyu wa zamani walikata msitu, wakalima, wakala. Ila walipofyeka shamba jipya waliacha mti mmoja mkubwa umesimama, ukaitwa murema-kiriti, yaani unaokaidi ukataji wa msitu, ili uzipokee roho za miti yote iliyoangushwa. Na ulipofika wakati wa kuuangusha huo nao, ilipasa kwanza ifanywe ibada ya kuzihamishia roho hizo katika mti mwingine.