Mashine Itajifunza kwa Nani Kusema Nasi?

Wasomaji wetu wa pwani wakisikia Meru fikira zao huenda kwa miraa, na wakisikia Embu huenda kwa muguka. Si ajabu, kwani ni Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipotoa amri dhidi ya muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri za Mombasa na Kilifi kabla ya mwezi kwisha. Kesi hiyo naiachia kalamu nyingine. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya zao jingine linalojaribu kuteremka kutoka kule mlimani kwenda ng'ambo, nalo ni utafiti.

Meru wana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, kilichopata hati yake mwaka 2013, jirani na mahali patakatifu pa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Embu nao wana Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati mwaka 2016. Vyuo hivi ni vichanga, lakini vina vijana wanaofundishwa elimu ya kompyuta, na baadhi ya vijana hao wameanza kuuliza swali ambalo linatuhusu sisi sote: je, mashine hizi zitazungumza na mama yangu kwa lugha gani?

Wataalamu wa lugha wametupa neno kiolesura, yaani ule uso wa mashine ambapo mtu na chombo hukutana: vitufe, kioo cha simu, sauti inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Neno lenyewe halijanikaa vyema mdomoni, lakini lipo, nasi tulitumie. Kiolesura chenye akili ni kile kisichongoja ubonyeze. Hukusikiliza, hujaribu kufahamu unataka nini, hukumbuka ulivyosema jana. Wengi wetu tumeona haja yake kwa macho. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilituletea huduma kubwa, lakini hadi leo utamkuta bibi dukani akimpa kijana simu yake na nambari yake ya siri, kwa kuwa maandishi madogo yale hayamfikii. Siri ya mtu imekuwa mkononi mwa mwingine kwa sababu uso wa mashine haukumjua mwenyewe.

Basi kuna mkutano wa kilimwengu wa mambo haya, unaosimamiwa na chama cha ACM cha Marekani. Ulifanyika mara ya kwanza mwaka 1993 huko Orlando, na tangu 1997 hufanyika kila mwaka. Umefika Tokyo, Sydney, Hong Kong, Lisbon. Mwaka 2025 ulikuwa Cagliari, Italia. Nimeitazama orodha ya miji hiyo na sikuona hata mmoja wa nchi ya Kiafrika. Mwaka 2008 ulitukaribia kidogo: ulifanyika katika visiwa vya Canary, mkabala na pwani ya Maghribi, lakini visiwa hivyo ni vya Uhispania.

Anayetaka kusoma utafiti wake mbele ya wakubwa wa namna hii hupeleka makala kwa Kiingereza, kwa umbo na urefu waliopanga wao, kabla ya saa ya mwisho. Saa hiyo nayo ni kichekesho chake. Huhesabiwa kwa ule upande wa dunia ambako siku huchelewa kwisha kuliko pote, hata usiku wa manane wao ukawa kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja, mchana wa siku ya pili. Sisi ambao usiku wa Ijumaa huuanza Alhamisi magharibi, tutastahimili hesabu hiyo pia. Kisha makala huenda kwa wakaguzi watatu au zaidi, wasioambiwa jina la mwandishi wala yeye hajui majina yao. Miezi hupita, jibu huja: imekubaliwa au imekataliwa. Nyingi zaidi hukataliwa.

Namjua kijana wa kwetu pwani anayefundisha kule mlimani. Alipeleka makala kwenye mkutano mmoja wa mambo haya, ambao sitautaja, juu ya chombo cha simu kinachomsikiliza mkulima akiuliza kwa Kimeru au Kiembu na kumjibu kwa sauti. Ilirudi. Alinionyesha maneno ya wakaguzi. Mmoja alisema hakuona chombo hicho kimepimwa dhidi ya kingine ili ijulikane kama ni bora, na mimi, japo si mtaalamu, nasema mkaguzi huyo alitenda haki. Anayedai dawa yake inaponya sharti aonyeshe mgonjwa aliyepona na asiyepewa. Wa pili aliuliza kwa nini watu hao wasitumie Kiingereza tu. Hapo ndipo damu ilipochemka. Kwa sensa ya 2019 kaunti ya Meru ina watu 1,545,714 na ya Embu 608,599. Mtu aliyekaa mbali akauliza swali hilo kwa kalamu moja amewafuta wazee wote wa kule, na mkulima wa Mbeere anayetaka kujua kwa nini pojo zake zina wadudu.

Kijana alitaka kuacha. Nikamwambia jambo ambalo ninyi wasomaji wangu mtalifahamu upesi kuliko yeye alivyolifahamu. Umma wetu ulizoea ukaguzi kabla vyuo vikuu vya Ulaya havijajengwa. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, alisafiri nchi kwa nchi kutafuta hadithi, na kila aliyopewa aliuliza: umeipokea kwa nani, naye kwa nani? Tofauti ni moja. Katika isnadi jina ndilo ushahidi. Mpokezi asiyejulikana hadithi yake ina kasoro. Katika mikutano hii jina hufichwa, ili mkaguzi asimwonee mdogo wala kumwogopa mkubwa. Njia zote mbili zinalinda ukweli, na kila moja ina tundu lake. Kuficha jina hakukumsaidia kijana wetu, kwani lugha aliyoiandikia ilikuwa imekwisha kumtaja anakotoka.

Lakini liko jambo ambalo isnadi yetu ingeweza kuwafunza wao. Mashine hujifunza kusema kwa kulishwa sauti za watu, saa nyingi mno za sauti. Ni sauti za nani? Zilichukuliwa wapi, kwa idhini gani, mwenyewe alijua zitatumiwa kwa nini? Ziko kazi zilizofanywa kwa uangalifu. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza 2017, huwaomba watu wajitolee kusoma sentensi kwa hiari yao, na Kiswahili kimo. Hapa Kenya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maseno pamoja na wenzao walikusanya hazina ya Kencorpus, yenye maandishi na sauti zipatazo saa 177, za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo Kimeru na Kiembu hazimo, na chombo kisicho na hazina kitabaki kiziwi.

Hasara ya uziwi huo si ya mkulima peke yake. Wazee wa Meru husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, kisiwa baharini, walikokuwa watumwa wa watu waliowaita nguo nyekundu, hata wakatoroka usiku na maji yakawapasukia. Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee hao, alielekeza kidole kisiwa cha Manda, hapa hapa mbele ya Lamu. Wako wanaompinga, nami si mwamuzi wao. Ila fikirini: huenda sehemu ya historia ya Manda imehifadhiwa Imenti na Tigania kwa lugha ambayo hakuna mtu wa Lamu anayeijua, wala mashine. Wenye masimulizi hayo ni wazee.

Nasi tusijidai kuwa Kiswahili kimekwisha kupona. Kiswahili kinachofundishwa mashine ni kile cha shule na redio. Mzee wa Lamu akiomba mai badala ya maji, au mama wa Mombasa akisema mato na nti na mtele, chombo kitaduwaa. Ziko pia sauti ambazo hata herufi za kizungu hazikuzichukua. Sisi watu wa Mvita paa mnyama na paa la nyumba hatuyatamki namna moja. Kaa wa pwani na kaa la moto kadhalika. Pumzi ile ndogo ndiyo tofauti. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, aliziongezea herufi za Kiarabu alama ili zichukue matamshi yetu. Wenzetu wa Meru na Embu wana shida iyo hiyo kwa upande wao: irabu zao ni saba, na zile mbili za ziada huandikwa kwa kuweka alama juu ya i na u. Kwenye simu watu huziacha alama hizo kwa sababu vitufe havinazo, na maneno mawili mbali mbali huonekana moja. Mtu wa Nchiru na mtu wa Kuze wanaugua maradhi mamoja, na utafiti wa mmoja ni dawa ya wote wawili.

Kwa hiyo nasema makala zipelekwe, na zikirudi zitengenezwe zipelekwe tena. Milango nayo si yote iliyofungwa. Mwaka 2016 ulifanyika Nairobi mkutano wa kwanza wa AfriCHI, wa Waafrika wanaotafiti uhusiano wa mtu na kompyuta, na 2018 ukafanyika Windhoek. Mwaka 2023 mkutano mkubwa wa elimu ya mashine zinazojifunza, uitwao ICLR, ulikuja Kigali. Hilo la Kigali lina maana kubwa, kwani vijana wengi wa Kiafrika waliokuwa wamealikwa Montreal mwaka 2018 walinyimwa viza ya Kanada au wakacheleweshewa mpaka mkutano ukapita.

Likabaki la fedha. Makala ikikubaliwa, sharti mwandishi mmoja walau ajiandikishe kwa ada na aisome mbele ya watu, na mshahara wa mwalimu mdogo haufiki huko. Hapa nawageukia wenye mali wa Mombasa, Malindi na Lamu. Wazee wetu waliweka wakfu visima, misikiti, nyumba za kupangisha ili kodi yake isomeshe watoto. Msikiti wa Riyadha wa Lamu umepokea wanafunzi kutoka bara kwa miaka zaidi ya mia, wakalishwa na kulazwa. Sioni kizuizi kwa wadhamini wa wakfu mmoja, wakiisha kuwauliza masheikh, kutenga sehemu ya kodi za mwaka kwa safari ya kijana mwenye makala iliyokubaliwa, awe wa Mombasa au Mwislamu wa Embu, kwa sharti kwamba kila sauti aliyoitumia ina jina la mwenyewe na idhini yake.

Kijana niliyemtaja anaitengeneza makala yake upya. Safari hii ameongeza upimaji aliodaiwa, na anataka kuweka Kiamu kando ya Kimeru aone chombo kinakosea wapi. Anahitaji wazee wa Lamu, wake kwa waume, watakaokubali kukaa naye saa moja moja wakizungumza mambo ya kawaida, bei ya samaki, mvua, wajukuu. Atakuwa Langoni baada ya Maulidi.